UZI: Kila baada ya miezi mitatu napunguza vitu nyumbani, lakini nyumba haipungui. Kosa liko wapi?

#1 Mlinda Stoo
Habari zenu, wanajukwaa. Kwa miaka minne sasa nimejiwekea utaratibu wa kupitia vitu vyangu kila baada ya miezi mitatu: kisichotumika kinauzwa, kisichouzika kinagawiwa, na kisichofaa hata kugawiwa kinatupwa. Utaratibu huo naufuata bila kuuruka. Hata hivyo, nikifungua kabati leo naliona limejaa vilevile kama siku ya kwanza, na nyuma ya mlango wa chumba cha kulala kuna boksi lililoandikwa KUUZA kwa wino mweusi mzito, ambalo sasa lina miezi kumi na moja. Kila mtu wa nyumba hii amekwisha kujigonga nalo kidole cha mguu usiku, tena zaidi ya mara moja.

Nimeanza kuamini kwamba kinachoniponza ni huko kuuza, na kwamba mtu anayetaka nyumba yenye nafasi agawe tu, asihangaike na wanunuzi. Nakosea?

#2 Sindano Butu
Hujakosea hata kidogo. Mimi niliwahi kuuza blenda ambayo ilikuwa nzima kabisa isipokuwa mfuniko wake ulikuwa na ufa mdogo. Nilipiga picha, nikaandika maelezo, nikajibu watu kumi na mmoja walioniuliza kama bado ipo, na tisa kati yao hawakuandika tena baada ya kujibiwa kwamba ipo. Wa kumi alitaka bei ya mwisho kabla hajaambiwa bei ya kwanza. Wa kumi na moja tulipanga kuonana mara tatu, na mara ya tatu alipokuja aliutazama ule ufa kana kwamba ni mimi niliyeupiga kwa makusudi. Ukinilipa mshahara wa saa nilizotumia, ungeninunulia blenda mpya mbili. Tangu siku hiyo, kinachotoka kwangu kinatoka bure.

#3 Mchumi Mstaafu
Ndugu Mlinda Stoo, hilo boksi lako lina maelezo yanayojulikana. Mtu akishamiliki kitu, hukithamini kuliko angekithamini kikiwa dukani. Mwaka 1980 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliwapa nusu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell vikombe, kisha wakawaachia wauziane na wenzao waliokosa. Wenye vikombe walidai takriban mara mbili ya kile ambacho wasio navyo walikuwa tayari kutoa, kwa hiyo biashara iliyofanyika ilikuwa ndogo sana, ilhali vikombe vyenyewe walikuwa wamevimiliki kwa dakika chache tu. Jaribio hilo ndilo lililompa Thaler Tuzo ya Nobel. Sasa wewe umekaa na vitu vyako miaka mingapi? Bei uliyoandika si bei ya kitu, ni bei ya kuachana nacho. Ipunguze kwa nusu, uone kama boksi halitatoka wiki hii.

#4 Daftari Kuukuu
Naafiki hoja ya #3, lakini tarehe zinahitaji kurekebishwa. Mwaka 1980 ndipo Thaler alipolipa jina jambo hilo katika maandishi yake. Majaribio ya vikombe yalichapishwa mwaka 1990. Tuzo aliyopewa mwaka 2017 ilitokana na mchango wake mzima katika uchumi unaozingatia tabia za watu, si vikombe peke yake, na Kahneman alikuwa amekwisha kupata ya kwake mwaka 2002.

Turudi kwa mwenye uzi. Umetueleza kwa kirefu vinavyotoka, na hukugusa kabisa vinavyoingia. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari walikuwa wanafikiria mali inayopungua. Mimi nimegundua kwamba mali isiyo na daftari huongezeka bila habari pia. Mwaka jana nilitundika daftari dogo ndani ya mlango wa kabati, nikawa naandika upande mmoja kila kitu kinachoingia nyumbani, ukiacha chakula na sabuni, na upande wa pili kila kinachotoka. Baada ya miezi sita vilikuwa vimetoka 41, nami nilijiona shujaa, mpaka nilipohesabu ule upande mwingine nikakuta 58. Hakuna boksi la KUUZA linaloweza kushindana na hesabu ya namna hiyo.

#5 Sindano Butu
Mkuu wa #4, na hilo daftari uliliandika upande gani?

#6 Daftari Kuukuu
Upande wa vilivyoingia, mstari wa kwanza. Pamoja na kamba ya kulitundikia.

#7 Msala wa Zamani
Nimesoma yote kwa utulivu na naona kila mtu amekubali jambo ambalo halijathibitishwa, yaani kwamba kitu kisichotumika ni mzigo. Mimi nimelelewa katika nyumba ambayo msumari uliopinda ulinyooshwa kwa nyundo, ukarudishwa kwenye kopo. Mwaka juzi nilishawishiwa na maneno kama haya yenu, nikatoa mfuko mzima wa chaja na waya ambazo hakuna aliyejua ni za nini. Wiki tatu baadaye spika yangu ilikata chaji, nikakumbuka kwamba waya wake ulikuwa na ncha ya duara, nyembamba, yenye utepe mweupe niliouzungushia mimi mwenyewe ili nisiisahau. Nilizunguka siku mbili kuutafuta waya mwingine wa namna hiyo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na wakatuambia pia kwamba akiba haiozi.

Mwenye kukosa alipokuwa mtoto hahifadhi kwa sababu hajui kuhesabu bei. Anahifadhi kwa sababu anajua kitu kikiondoka hakirudi. Hilo halimo katika vikombe vya #3.

#8 Fundi wa Jirani
Mzee wangu wa #7, shikamoo. Kuhusu waya nakubaliana nawe, na ningekushauri siku nyingine ufunge kila chaja pamoja na kifaa chake, au uibandike karatasi yenye jina, maana chaja bila jina ni sawa na ufunguo uliookotwa njiani. Lakini kwamba akiba haiozi, hapo ruhusa nikupinge, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kutengeneza akiba zilizooza.

Chukua viatu vyenye soli nyepesi na laini ya poliurethani. Watu huviweka kwenye boksi lake wakiamini kwamba kisichovaliwa hakichakai, kumbe unyevu wa hewa huivunjavunja ile soli taratibu hata kama kiatu hakijakanyaga ardhi. Unakitoa baada ya miaka kadhaa, kinang'aa. Unatembea hatua ishirini, na soli inabaki nyuma yako vipande vipande kama mkate mkavu. Mpira wa kiunoni mwa nguo hulegea ukiwa umekunjwa kabatini. Mkanda wa mpira ndani ya mashine hukauka au hugeuka kuwa kitu kama lami. Betri za lithiamu ndizo mbaya zaidi: ikiachwa tupu kwa muda mrefu hufa, na nyingine huvimba. Ukikuta betri imevimba usiichaji, usiitoboe, wala usiitupe pamoja na taka za jikoni. Ipeleke wanakokusanya vifaa vya umeme vilivyokufa.

Mlinda Stoo, ndani ya hilo boksi mna nini hasa? Tunabishana juu ya kitu ambacho hatujakiona.

#9 Mlinda Stoo
Asanteni nyote. Nimeona aibu kidogo, lakini nimelifunua. Kuna kamera ndogo ya kidijitali pamoja na betri yake, simu mbili za zamani, buti za kupandia milima ambazo nilizivaa siku moja tu, chaja sita zisizo na wenyewe, fumbo la picha la vipande elfu moja, kofia ngumu ya kuendeshea baiskeli, na koti la sufu ambalo si langu.

#10 Sindano Butu
"Koti la sufu ambalo si langu." Wanajukwaa, uzi ndio kwanza umeanza.

#11 Mama Vikapu
Naomba nizungumzie kugawa, kwa kuwa mwenye uzi na Sindano Butu wanakuzungumzia kama jambo jepesi. Kwa miaka sita nimejitolea siku moja kwa wiki kuchambua vitu vinavyoletwa kugawiwa, na ningependa mjue kinachotokea upande ule wa pili wa meza. Tunapokea kiatu kimoja cha kulia. Tunapokea suruali nzuri ambayo zipu yake imekatika, na mtoaji ameikunja kwa ustadi ili zipu iwe ndani. Tunapokea mafumbo ya picha yasiyojulikana kama yametimia, na mtu hukaa saa tatu kuhesabu vipande. Safari moja nilifungua mfuko nikakuta nguo za mtoto zilizofuliwa, zikapigwa pasi, zikapangwa kwa umri kuanzia miezi mitatu hadi miaka miwili, kila kifungu kimefungwa kwa utepe na kuandikwa. Nilikaa chini nikaziangalia kwa muda kabla ya kuendelea. Mtu yule naye alikuwa anapunguza vitu nyumbani kwake, kama nyinyi.

Kwa hiyo, Mlinda Stoo: hesabu vipande vya hilo fumbo au liandike wazi kwamba halijahesabiwa. Viatu vifungwe pamoja kwa kamba zake. Kofia ya baiskeli, ikiwa iliwahi kupigwa katika ajali, usimpe mtu, kwa sababu povu la ndani huminyika mara moja tu likishafanya kazi yake, na nje unaweza usione alama yoyote. Kiti cha mtoto cha garini nacho ni vivyo hivyo: usipojua historia yake, au kikiwa kimepita tarehe iliyopigwa chini yake, kisigawiwe. Na dawa zilizobaki hazigawiwi kabisa, hata kama kopo limejaa.

#12 Mchumi Mstaafu
Shukrani kwa #4 kwa kunisahihisha. Dada wa #11 amenikumbusha jambo. Kuuza kuna faida moja ambayo kugawa hakuna: mnunuzi hukagua. Sindano Butu alilalamika kwamba mtu alitazama ufa wa blenda, lakini mkaguzi huyo ndiye anayezuia takataka zisihamishiwe kwa mtu asiye na nafasi ya kulalamika. Kizuri chajiuza, na kisichojiuza kwa miezi kumi na moja huenda kinakwambia kitu.

#13 Nukta Tatu
Hakuna aliyezigusa zile simu mbili, nami naomba mwenye uzi asizitoe leo. Kufuta picha moja moja hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi kinachofutwa ni anwani ya faili, na faili lenyewe hubaki mpaka liandikwe juu yake. Hamisha unavyovitaka, ondoa akaunti zako ndani ya simu, kisha ndipo uirudishe katika hali ya kiwandani. Mpangilio huo ni muhimu: simu za iPhone tangu mwaka 2013, na nyingi za Android tangu mwaka 2015, hudai nenosiri la mwenyewe wa awali zikifutwa bila akaunti kuondolewa, na aliyepewa hubaki na kipande cha kioo kisichofunguka. Chomoa laini na kadi ya kumbukumbu. Kamera nayo ina kadi, na watu huisahau daima.

#14 Fundi wa Jirani
Nukta Tatu amesema kweli tupu. Niongeze tu kwamba simu iliyokufa isitupwe kokote. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Na mwenye friji bovu anayelitoa nje lisubiri kuchukuliwa, alifungue mlango na kuung'oa kabisa kwa bisibisi, kwa sababu mtoto akijificha ndani mlango ukajifunga, hewa haimtoshi.

#15 Kivuli cha Kabati
Mimi nadhani nyote mnazunguka pembeni. Si bei, si wanunuzi, si daftari. Tatizo ni kabati. Nilikuwa na kabati la milango miwili, likajaa. Nikanunua la milango minne ili nipange vizuri, nalo likajaa katika muda mfupi kuliko la kwanza. Halafu nikanunua masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya kuingiza chini ya kitanda, ambayo siku hizi siyafungui kwa sababu nimesahau yamebeba nini. Nafasi tupu huita vitu. Nilipoliuza lile kabati kubwa (ndiyo, Sindano Butu, liliuzika, na kwa mtu wa kwanza), nguo zilijipunguza zenyewe ndani ya mwezi, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuahirishia uamuzi.

#16 Daftari Kuukuu
Kivuli, hilo linaweza kuwa kweli kwako, lakini ndugu yangu mmoja anaishi katika chumba kimoja kisicho na kabati, na vitu vyake vimepanda ukutani mpaka karibu na taa. Naye huyo tumwelezeje?

#17 Mpita Njia
Huyo ni mgonjwa. Kukusanya vitu ni ugonjwa unaojulikana tangu zamani, ni sehemu ya ule ugonjwa wa kunawa mikono kila dakika.

#18 Zamu ya Usiku
Naomba tuwe waangalifu, kwa kuwa nafanya kazi katika afya ya akili na kauli ya #17 ina makosa mawili. Kwanza, ni kweli kwamba kwa muda mrefu tabia hii ilihesabiwa pamoja na matatizo ya mawazo na vitendo vya kujirudiarudia, lakini mwaka 2013 Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliiorodhesha kama tatizo linalojitegemea, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 umefanya vivyo hivyo. Pili, wingi wa vitu peke yake si kipimo. Kinachotazamwa ni kama mtu anapata dhiki kubwa anapotakiwa kuachana na vitu bila kujali thamani yake, na kama vyumba vimeshindwa kutumika kwa kazi yake: kitanda hakilaliki, jiko halipikiki. Mtu mwenye boksi moja nyuma ya mlango hayumo. Na yule ndugu wa #16 hatuwezi kumpima kutoka hapa, ila niwasihi wenye ndugu wa namna hiyo wasiende kumsafishia akiwa hayupo. Niliowaona wakifanyiwa hivyo walijaza upya haraka zaidi, na waliacha kumfungulia mlango aliyewasafishia.

#19 Mchumi Mstaafu
Hapo hapo niulize. Kulikuwa na utafiti wa familia 32 za Los Angeles, na mwaka 2010 yakachapishwa matokeo kwamba wanawake waliozieleza nyumba zao kwa maneno ya msongamano na kazi zisizokwisha walikuwa na mwenendo mbaya zaidi wa kortisoli, ile homoni ya msongo, mwilini kwa siku. Kwa hiyo vitu vingi vinaleta msongo?

#20 Zamu ya Usiku
Unaufahamu vizuri, lakini hausemi kwamba vitu vinaleta msongo. Unasema vinatembea pamoja na namna mtu anavyoielezea nyumba yake. Yawezekana aliyechoka ndiye anayeona rundo, na pia ndiye asiye na nguvu za kulipunguza.

#21 Msala wa Zamani
Fundi, marahaba. Nimeteremsha viatu nilivyovihifadhi kwa ajili ya shughuli maalumu. Sitasema zaidi.

#22 Sindano Butu
Pole, mzee. Soli zote mbili?

#23 Msala wa Zamani
Zote mbili. Lakini msumari haujaoza.

#24 Kitanda Kimoja
Kuhusu lile koti la sufu, ambalo naona watu wanalikwepa. Niliwahi kugawa koti la mwenzangu ambalo hakulivaa kwa miaka saba. Aliliulizia siku iliyofuata. Tuligombana wiki nzima, na nilikuja kuelewa kwamba lilikuwa la marehemu baba yake, na kwamba hakuwa na haja ya kulivaa. Alikuwa na haja ya kujua kwamba lipo. Sasa tuna sheria: kila mtu ana haki ya kutoa vyake tu, na vya pamoja hukaa mezani wiki moja kabla ya kutoka.

Kwa vitu vyenye kumbukumbu, kupiga picha husaidia baadhi ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanywa na watafiti katika mabweni 6 ya chuo cha Penn State yenye wanafunzi 797, ulionyesha kwamba walikohimizwa kupiga picha vitu vya kumbukumbu kabla ya kuvitoa vilitolewa vitu 613, na walikohimizwa kukusanya na kutoa tu vilitolewa 533. Mwenzangu nilipompendekezea jambo hilo alinijibu kwamba picha haina harufu.

#25 Mama Vikapu
Sufu hiyo, kama itabaki, isafishwe kwanza. Nondo wa nguo hutaga zaidi kwenye sufu yenye jasho, na buu ndiye anayetoboa, si nondo mwenyewe.

#26 Mlinda Stoo
Nimerudi kutoa taarifa, baada ya kushinda na boksi hilo Jumamosi nzima. Betri ya kamera ilikuwa imevimba kiasi kwamba haikutoka kwenye nafasi yake, kwa hiyo kamera yote imepelekwa kwenye taka za kielektroniki, nikiwa nimechomoa kadi kwanza (asante, Nukta Tatu; zilikuwamo picha 212 ambazo tulidhani zimepotea). Buti niliziinua, soli moja ikabaki ndani ya boksi. Simu moja imeuzwa kwa nusu ya bei niliyoiandika mwanzo, na iliuzika siku hiyohiyo, jambo ambalo Mchumi atalifurahia. Fumbo lina vipande 998. Nimeandika hivyo juu yake, na mtu amelichukua kwa furaha. Koti limerudi kwa mwenyewe, ambaye aliniuliza kwa nini lilikuwa humo na mimi sikuwa na jibu la kuridhisha.

Bado sijajua kama aliyepatia ni Daftari au Kivuli, maana nimeanza kuandika vinavyoingia na hapohapo nimeifunga rafu moja kwa ubao, hivyo hata kabati likibaki na nafasi sitajua nimshukuru nani.

#27 Msala wa Zamani
Zile chaja sita, ndugu yangu, hakuna yenye ncha ya duara, nyembamba?

#28 Mlinda Stoo
Ipo moja, mzee, tena ina utepe mweupe, sijui ilinifikiaje. Nitumie ujumbe wa faragha.

#29 Fundi wa Jirani
Na boksi lenyewe, limetoka?

#30 Mlinda Stoo
Lipo nyuma ya mlango. Mwenzangu amekwisha kuweka ndani yake pasi iliyokatika waya, na anasema ataitengeneza.